Mwendo wa Mama

"Mharakishe," Mkuu wa chuo alisema, amesimama nyuma ya kiti cha binti. "Na hapo anapoyumba, mwangushe na ndoo yake. Wafadhili wanakuja kucheka, hawaji matangani."

Kwenye kompyuta, mwanamke wa katuni alikuwa anatembea na ndoo ya maji. Anaegemea kushoto, anashika nyonga, anauvuta mguu wa kulia kana kwamba ameuazima. Muhula mzima binti alimchora, picha moja baada ya nyingine, kila moja ikiipita mwenzake kwa unywele tu. Mwanzoni alidhani katuni ni sura. Akaja kujua kuwa mtu yumo katika uzito wake: mguu upi unaubeba, upi unaukwepa. Ndivyo alivyompata tena mama yake, ambaye sura yake ilishaanza kumpotea.

"Mkuu, huyu ni marehemu mama. Waliiharibu nyonga yake hospitalini walipompasua."

"Pole, mwanangu. Sasa mharakishe. Ama sivyo, cheti utakiona kwa wenzako."

Wakubwa ndivyo wanavyotoa pole. Hospitali nayo ilitoa, kisha daktari akapandishwa cheo.

Binti akafuta picha moja kati ya kila mbili. Mama akaanza kurukaruka kama kuku aliyefungwa mguu. Akamwangusha.

Siku ya maonyesho baba yake alikaa nyuma, ndani ya koti lake la harusi lililomkaba makwapani. Katuni ilipoanguka, ukumbi ukalipuka. Baba naye akacheka mpaka machozi, akampiga jirani begani.

"Binti yangu huyo kachora! Wa kwangu mwenyewe!"

"Rudieni!" mtu akapaza sauti.

Mkuu akarudia. Safari hii baba aliiona ile nyonga ikishikwa. Akainuka, akapita katikati ya watu wanaopiga makofi, mpaka mbele aliposimama binti.

"Mama yako alikukosea nini?"

"Baba, walinilazimi..."

Hakungoja. Akageuka kuelekea mlangoni.

Binti alitaka kumkimbilia. Lakini macho yake yalishaanza kazi: mabega ya baba yametangulia, kichwa kimechelewa, kisigino kinaipapasa sakafu kabla ya kuamini kuwa ipo. Na kidole chake mwenyewe binti, pembeni ya paja, kilikuwa kinachora.