Siku Epifania Alipokula Mjini

Bendeji ilipobanduliwa Alhamisi asubuhi, daktari alimwuliza Epifania anaona nini. Epifania alilitazama dirisha, akalitazama koti jeupe lililokuwa mbele yake, kisha akasema, "Naona njaa."

Wauguzi walicheka. Mumewe Flavian, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia yake mikononi, hakucheka. Alijua uzito wa neno lile. Kwa miaka saba mkewe hakuwa ametamka mbele ya watu baki kwamba ana njaa, wala kiu, wala kwamba angependa kuongezewa mboga.

Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia taratibu, kwanza jicho la kushoto, halafu la kulia, mpaka dunia ikabaki ukungu mweupe unaopitwa na vivuli. Walikuwa wakulima wa ulezi na mahindi katika kijiji kimoja upande wa Chala, na huko mtu akipofuka hupewa pole, akapewa na fimbo. Ukungu ulikuwa haujakolea sana siku alipokwenda kwenye sherehe ya kipaimara kwa dada yake Silvana. Alimega tonge, akalipeleka mbele kutafuta mchuzi, akachovya, akatia kinywani. Alikuwa amechovya kwenye beseni la maji ya kunawa lililokuwa likipitishwa mezani. Watu walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Epifania alilimeza tonge lile na maji yake machafu kwa sababu hakujua pa kulitemea. Tangu siku hiyo hakula tena nje ya jiko lake, na Flavian naye akaacha kwenda karamuni. Walialikwa kwenye harusi, wakaalikwa kwenye misa za shukrani. Walituma kuku na salamu.

Mwezi huo wa Julai madaktari wa macho walikuja Sumbawanga kwa wiki moja. Aliyewaandikisha ni mkwe wao Rahel, mke wa mtoto wao Timoth, binti wa wafugaji wa kule bondeni Mtowisa, ambaye alikuwa akiishi na kufanya kazi mjini. Jicho la kulia ndilo lililofanyiwa kazi kwanza.

"Rahel amesema tukutane naye saa tisa kwenye mgahawa mmoja wa keki," Flavian alisema walipotoka kwenye geti la hospitali. "Atakuja na mtoto."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

"Basi atanikuta nimeshakufa. Twende hotelini, Baba Timoth."

Flavian alisimama. "Hotelini, kwenye watu?"

"Kwenye watu," alisema Epifania, lakini sauti yake haikuwa imara sana.

Alikuwa amepewa miwani nyeusi ya kuvaa juani, naye kila baada ya hatua tatu aliinyanyua kidogo achungulie chini yake. Kilichomshtua zaidi kilikuwa rangi ya bluu. Katika ule ukungu bluu ilikuwa imekufa ikawa majivu, naye alikuwa amesahau kwamba ina nguvu namna ile. Sasa aliiona kwenye pipa la plastiki nje ya duka, kwenye sketi za wasichana wa shule, kwenye turubai la lori. Juu ya vilima vya Mbizi anga lilikuwa limesafishwa na upepo wa kipupwe, na bluu yake ilimfanya ashike mkono wa mumewe kwa nguvu kama mtu anayechungulia kisima.

"Rangi hii ilikuwepo siku zote?"

"Ilikuwepo."

"Na ninyi mlikuwa mnapita tu?"

Flavian alifikiri. "Tulikuwa na shughuli," alisema.

Epifania akamgeukia, akanyanyua miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza kwenye mwanga wa mchana. Kichwa chake chote kilikuwa cheupe.

"Uliniambia mvi ni mbili tatu."

"Mwaka ule uliponiuliza zilikuwa mbili tatu. Hukuuliza tena. Rudisha miwani, daktari amekataza."

Hoteli waliyoingia ilikuwa nyuma ya soko, mali ya mama mmoja mnene mwenye sauti nyembamba aliyeitwa Redempta. Ilikuwa na meza sita zenye vitambaa vya plastiki vyenye maua, na karibu zote zilikuwa na watu. Mlangoni Epifania alisita. Harufu aliifahamu, lakini mlio wa vijiko, viti na watu wengi wanaokula pamoja ulimrudisha kwa Silvana. Flavian hakumvuta wala hakumsukuma, alingoja tu. Ndipo macho ya Epifania yalipokwenda ukutani, kwenye ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, na akaona kwamba yale si madoa. Yalikuwa maneno.

"Wali maharage," alisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili. "Wali nyama. Ugali dona. Ugali ulezi. Samaki kuhe. Samaki mgebuka."

Mwanamume mmoja aliyekuwa akila peke yake aliinua kichwa. "Na kule chini kabisa, mama, pameandikwa maziwa mgando," alisema. "Usiyaache."

"Nilikuwa sijafika," Epifania alimjibu, akaingia, akaketi.

Mhudumu alikuwa kijana mpole aitwaye Christopha. Alikuja na jagi na beseni. Epifania alilitazama beseni lile lilipokuwa likimjia. Lilikuwa la kijani, lina ufa mdogo ukingoni, na sasa alijua hasa lilipoanzia na lilipoishia. Alivua miwani, akatandaza mikono. Maji yalishuka kutoka kwenye jagi kama uzi mmoja, yakapata mwanga wa dirisha, yakapasuka juu ya vidole vyake vipande vipande vyenye kung'aa. Aliendelea kunawa mpaka jagi likaisha. Christopha akamwangalia Flavian, Flavian akamwashiria alete jingine.

Waliagiza ugali wa ulezi, mgebuka na mchicha. Chakula kilipowekwa mbele yake, Epifania hakugusa kitu.

Alikuwa amepika ugali wa ulezi tangu akiwa msichana, na bado ilikuwa kama hajawahi kukutana nao. Ulikuwa na rangi ya udongo uliotoka kulimwa baada ya mvua ya kwanza, unafuka mvuke, na ule mvuke wenyewe ulikuwa ukitembea. Ulipanda, ukajikunja, ukapotea hewani. Mchicha ulikuwa wa kijani kilichokoza, na vitone vya mafuta juu yake kila kimoja kilibeba dirisha dogo ndani. Mgebuka alikuwa amelala kwenye mchuzi mwekundu wa nyanya, mrefu kuliko sahani. Mgongo wake, hata baada ya kukaangwa, ulikuwa na fedha kidogo ya ziwani. Samaki huyu alitoka ziwani Kipili, akapandishwa milima yote ile, na njia nzima alikuwa amebeba urembo huu bila mtu kumsifu.

Christopha alirudi, akainama. "Mama, chakula kina kasoro?"

"Hakina kasoro, mwanangu. Tunasalimiana kwanza."

Alipoinua macho, aliiona mikono ya Flavian. Ilikuwa tayari kwenye samaki. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikipita ubavuni, vinachomoa mwiba, vinauweka pembeni, vinarudi, bila yeye mwenyewe kuangalia. Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka saba, na Epifania alikuwa akila minofu safi bila kujua inapatikanaje. Lakini si miiba aliyokuwa akiitazama. Nyuma ya mikono ile, kuanzia vifundoni mpaka juu ya viwiko ambako sweta lilikuwa limekunjwa, kulikuwa na makovu. Mengine yalikuwa mafupi na meusi, mengine mapana yanayong'aa. Alipopoteza macho, mikono ile ilikuwa ya mkulima, ina sugu tu.

"Haya ni nini?" aliuliza.

Flavian alitazama kana kwamba anayaona yeye pia kwa mara ya kwanza. "Masufuria," alisema. "Na lile kubwa ni uji uliomwagika. Mwaka wa kwanza nilikuwa sijui kuepua."

"Hukuniambia."

"Ungeacha kula."

Epifania alimfahamu mtu huyu miaka arobaini na moja, alimzalia watoto wanne, alidhani hakuna pembe ya moyo wake asiyoijua. Sasa ilikuwa kama mtu aliyelala miaka mingi kwenye chumba kimoja, halafu asubuhi moja akafungua dirisha na kukuta nje kuna ziwa zima. Alishika mkono wa mumewe pale mezani, mbele ya watu, ukiwa na mchuzi hivyo hivyo, akausoma kovu moja baada ya jingine. Flavian aliona haya, akatazama upande wa jikoni, lakini hakuuondoa.

"Ugali unapoa," alisema baadaye.

"Malizia upande huo," Epifania alimwambia. "Huu wa chini ni wangu."

Flavian akamaliza upande wa juu. Epifania akamgeuza samaki, akaanza kuchomoa miiba mwenyewe, mmoja mmoja, akiiinua kwenye mwanga kabla ya kuiweka chini, maana hata miiba ilikuwa myembamba na safi ajabu. Mmoja ulimponyoka ukamchoma ufizini. Akautoa, akautazama nao. Kisha akala kila kitu kilichokuwa mezani, na maziwa mgando juu yake, na alipomaliza Redempta mwenyewe alitoka jikoni kumtazama huyo mgeni anayekula kama anasali.

Saa tisa kasorobo waliukuta mgahawa wa keki. Ulikuwa chumba kimoja chenye kuta nyeupe na kabati la kioo lenye taa ndani. Epifania alisimama mbele ya kabati lile mikono nyuma, kama watu wanavyosimama mbele ya altare iliyopambwa. Keki moja ilikuwa na mawaridi ya sukari, mengine yamefunga, mengine yanaanza kuchanua, na mtu fulani alikuwa ametia umande kwenye jani moja tu.

"Aliyetengeneza hii amefikiria," alimnong'oneza Flavian.

"Ni ya kula?"

"Ndiyo maana nashangaa."

Walikuwa wamekaa tu pale dirishani mlango ulipofunguka, na sauti ikasema, "Shikamoo mama. Shikamoo baba." Ilikuwa sauti ya Rahel, ndogo, ya kukwaruza kidogo. Kwa miaka sita sauti ile ilikuwa imempa Epifania picha ya mwanamke mfupi, mwenye uso wa mviringo. Aliyesimama mbele yake alikuwa mrefu kama mlingoti, shingo ndefu, mweusi wa kung'aa, na alikuwa akilia bila kutoa sauti.

"Marahaba," alisema Epifania. "Mbona hamkuniambia kwamba Timoth alioa twiga?"

Rahel akacheka huku machozi yakimfikia kidevuni. Nyuma yake akatoka mtoto wa miaka mitano mwenye sare ya chekechea. Huyu ndiye Kija, aliyepewa jina la mama yake Rahel. Epifania alimjua kwa viganja. Alijua kipaji chake, masikio yake, kovu dogo chini ya nyusi. Mtoto alifanya kama alivyozoea. Alimwendea bibi, akasimama katikati ya magoti yake, akafumba macho na kusogeza uso apapaswe.

Epifania hakunyanyua mikono. Hakuweza. Kope za mtoto zilikuwa zikitetemeka kwa sababu ya kubanwa sana. Alikuwa na pengo mbele, vumbi la chaki puani, na chini ya sikio la kushoto doa dogo jeusi ambalo vidole visingeweza kulihisi kamwe. Mama yake Epifania, aliyezikwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita, alikuwa na doa kama lile, mahali pale pale. Lilikuwa limepita kwa Epifania bila kutua, likampita Timoth, likavuka hadi kwenye damu ya bondeni, na sasa lilikuwa hapa, kwenye mgahawa, karibu na bakuli la sukari.

"Bibi," mtoto alisema, macho bado yamefumbwa, "mbona hunishiki?"

"Fumbua macho, Kija."

Mtoto alifumbua. Wakatazamana. Kija alisogeza kichwa kushoto, jicho la bibi likamfuata. Akasogeza kulia, likamfuata. Akarudi nyuma hatua moja, uso umejaa mshangao.

"Mama," alimwambia Rahel kwa sauti ya chini, "Bibi yumo ndani."

Aiskrimu ililetwa kwenye vibakuli vya kioo, rangi tatu kila kimoja. Flavian alikishika chake, akakiachia haraka. Kwa baridi hii ya Sumbawanga, aliuliza, mtu mwenye akili anaagizaje barafu? Kija akamwonyesha jinsi ya kulamba kijiko kwa nyuma. Mzee alijaribu, akatulia, akatazama dari kwa muda mrefu, kisha akajaribu tena kuhakikisha.

Epifania alisahau kula. Kulikuwa na mambo mengi mno. Meza ya pili msichana alikuwa akimlisha mchumba wake kipande cha keki. Pembeni mzee mmoja na sista wa kanisa walikuwa wakigawana sambusa. Wote, alivyoona, kabla chakula hakijafika mdomoni, waliinama kidogo, kama watu wanaomwitikia mtu. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama yeye.

Alipokumbuka bakuli lake, aiskrimu ilikuwa imeyeyuka yote. Nyekundu ilikuwa ikiingia kwenye nyeupe, na nyeupe kwenye kahawia, mistari ikijizungusha polepole.

"Mama, ngoja nikuagizie nyingine," alisema Rahel.

"Acha," alisema Epifania. Akaiangalia mpaka rangi zikakaa, akainua bakuli kwa mikono miwili, akainywa kama uji.

Flavian akamtazama, akaweka kijiko chini, akanyanyua bakuli lake naye.