Fremu Isiyo na Nguzo Katikati

Jumanne saa nne asubuhi, Evalyne Kavata alifungua kitabu cha picha juu ya meza yake pale Kitengela, akakigeuza ili Koinet aone vizuri. Ofisi yao inauza majengo ya chuma. Vipande vinakatwa na kutobolewa kiwandani, vinaletwa na lori, na saiti kazi ni kufunga bolti tu. Koinet alitaka godauni ya nyasi kavu huko Kajiado.

"Fremu ziko aina tatu, mzee," Evalyne alisema. "Hii iko na nguzo katikati. Ni nafuu, wengi wanachukua hii. Hii haina nguzo ndani, ni wazi ukuta mpaka ukuta, lakini chuma chake ni kizito na bei inapanda. Na hii ya tatu, paa limelala upande mmoja kama mtu ametoka baa."

Koinet hakucheka. Aliweka kidole kwa ile ya pili.

"Na ni ya nyasi tu?" Evalyne aliuliza. "Nguzo itakusumbua nini?"

"Hapo katikati kuna ng'ombe wanalala."

"Si utawatoa."

"Hawatoki. Walikufa kile kiangazi kikubwa."

Evalyne alichukua kalamu. "Wako wangapi?"

"Sisi Wamaasai hatuhesabu ng'ombe, madam."

"Hao ni wazima. Waliokufa si wanahesabika?"

Koinet alifikiria, akaona ni kweli. "Kumi na saba."

Evalyne akaandika kwa fomu, pale pa mzigo wa ndani: ng'ombe kumi na saba, hawana uzito.

Alhamisi alienda saiti na fundi Mulei. Ploti ilikuwa imezungushiwa waya, na ndani kulikuwa na nguzo moja ya mti, ya banda ambalo Koinet alikuwa amejaribu kujijengea akaacha. Saa kumi na moja jioni ng'ombe waliingia kupitia waya bila kuutikisa, wakalala kila mmoja mahali pake. Nguzo ilipita katikati ya mbavu za ng'ombe mmoja mweusi, naye akaanza kulia. Alikuwa akilia hivyo kila jioni. Kanisa la jirani lilikuwa limehamisha mazoezi ya kwaya kwa sababu yake.

"Huyo ni Narok," Koinet alisema. "Si mkorofi. Ni nguzo tu."

Mulei alipima akiwazunguka. Mmoja alikuwa amelalia tepu, akamwomba asonge, akasonga.

"Wako na mwili mnene hawa," Mulei alisema. "Kwani kiangazi kiliwaua na nini?"

Koinet alisema vumbi limezidi leo.

Ng'ombe walikuwa wa dada yake, Soipan. Mume alipokufa, hao ndio alibaki nao, wao na msichana wake Sandra. Nyasi ilipoanza kuisha alimkabidhi Koinet awapeleke malishoni Rombo, akampa na fimbo ya marehemu. Koinet hakufika Rombo. Siku ya tatu, wakiwa bado wanono, aliwapandisha kwa lori la mnunuzi wa machinjioni. Akarudi na fimbo peke yake, akamwambia dada yake walianguka njiani mmoja mmoja, mifupa mitupu. Soipan alilia, na yeye akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Ploti ilitoka kwa pesa hiyo. Godauni pia ilikuwa inatoka hapo.

"Weka ukuta pande zote," alimwambia Evalyne. "Na usiweke dirisha."

"Nyasi itashika ukungu, mzee."

"Wacha ishike."

Evalyne aliangalia migongo ya ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na mstari wa rangi nyekundu kwa kiuno, ile wanunuzi wanapaka sokoni wasichanganye mali yao. Akaandika: bila dirisha.

Mabati ya ukuta yalikuwa hayajafika wakati Soipan alikuja. Mtu sokoni alikuwa amemwambia Narok ameonekana. Alikuwa na aproni ya hoteli anayooshea vyombo.

"Supa, dada," Koinet alimsalimia.

"Ipa," aliitikia.

Aliingia katikati yao akiwaita. Narok. Sambu. Nado. Kila aliyeitwa aliinua kichwa. Kisha akalowesha kidole gumba na mate, akasugua ile rangi nyekundu. Haikutoka.

"Wamenona, Koinet."

"Eeh."

"Uliniambia mifupa mitupu."

Koinet alikuwa amejipangia maneno ya kukiri siku hiyo, aliyarudia kila Jumapili kanisani wakati wengine wanaomba. Alifungua mdomo.

"Nawajengea mahali pazuri," alisema. "Hakuna nguzo hata moja ndani. Hiyo fremu ndiyo ghali kuliko zote."

"Nimeona," Soipan alisema. Alifuta kidole kwa aproni. "Niko zamu ya jioni. Wacha nirudi."

Kesho yake Koinet alipigia Evalyne simu.

"Ongeza mlango mdogo, wa mtu mmoja. Na funguo mbili."

"Mwingine ni wa nani?"

"Wa dada yangu."

Evalyne alifungua ile fomu. "Ni mlango tu unamwongezea?"

"Ni mlango tu."

Akaandika.

Godauni ilikwisha kwa wiki tatu. Pasta aliombea jengo, akasifu paa. Nyasi imepangwa pande mbili, katikati pameachwa wazi. Saa kumi na moja ng'ombe wanapita kwa mabati, wanalala, na Narok halii tena. Kwaya ilirudi kwa saa yake ya zamani. Wateja wakiingia wanapita kando ya mikia na kusema kweli, hii fremu iko na nafasi.

Soipan anakuja kabla ya zamu. Anafungua kwa ufunguo wake, anawaita wote majina, anakaa kidogo juu ya bale ya nyasi. Hawatoi maziwa. Alijaribu mara moja na kikombe. Koinet akimwona, anaenda kupanga nyasi ambayo imeshapangwa. Kisha Soipan anafunga mlango, anausukuma kuhakikisha umefunga, na kabla hajaenda kazini anapitia kwa duka la Ajwang kumnunulia Sandra maziwa ya chai, pakiti ile ndogo.