Nywele za Lambert

Tangu mgodi umfukie mumewe Lambert kule kwao Kolwezi, mwili usipatikane, Thérèse hakutoa chozi. Alifungua saluni yake hapo Bertrams, ugenini, kila asubuhi, akasuka, akafagia, akafunga. Mchungaji, ambaye mke wake alikuwa mzima nyumbani, alimkataza kunyoa kichwa kama wajane wa kwao. Mambo ya kipagani, alisema.

Siku hiyo Thérèse alikuwa akimsuka Zuhura, binti wa Tanga anayesoma habari za Wagiriki wa kale chuoni Braamfontein. Mdomo wake haukufungwa. Alisimulia miungu yao yenye wivu, kisha wafiwa wao, waliokata nywele na kuziweka kaburini ziwe fungu la marehemu.

"Na ule mwenye hana kaburi?" Thérèse aliuliza, mikono haijasimama.

"Walimjengea kaburi tupu, dada. Wakamwita kwa jina, aje akae."

"Sawa. Inamisha kichwa."

Zuhura alipoondoka, Thérèse alisimamisha picha ya Lambert kwenye rafu ya mafuta. Akashika mkasi, akakata ncha ya msuko wake mmoja, akaiweka mbele ya picha. Akamwita. Nje basi lilipita.

Akaitazama ile ncha. Laini, nyeusi, inang'aa. Ilikuwa rasta ya dukani, plastiki tupu. Nywele zake mwenyewe, fupi, zilikuwa zimebaki kichwani.

"Hata wewe nimekuletea feki," alimwambia.

Hakulia. Aliusogeza mkasi mpaka ubaridi wake ukagusa ngozi ya kichwa, akaanza upya.