Fainali ya Drafti na Baba Mkwe

Nasema hivi, na asiyetaka kusikia azibe masikio: cherehani ile niliitaka. Mwaka sabini na nne Fanueli, mchuuzi wa viazi hapa Uyole, alitangaza mashindano ya drafti, na mshindi achukue cherehani ya mkono, mpya, bado ina grisi. Mimi Tusajigwe nilikuwa nimeomba cherehani miaka mitatu. Jibu la mume wangu Mika lilikuwa lile lile: "Baba hataki mkamwana wake akae sokoni anashonea watu." Ala! Basi nikajiandikisha. Drafti nilifundishwa na kaka zangu wanne, nikawafunga wote mpaka wakaacha kucheza na mimi.

Jumapili baada ya ibada, kwenye nusu fainali, nikamfunga Tadeo, dereva wa lori aliyetoka Ipogolo kule Iringa na majigambo yake. Aliondoka bila kuaga. Nikauliza, jioni nacheza fainali na nani? Wakasema, na mshindi wa jana, mzee Asukile wa Ilomba.

Mwee! Baba mkwe wangu!

Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akipita njiani, wewe unaingia kwenye migomba mpaka apotee. Miaka sita ya ndoa, sura yake siijui.

"Jitoe," Mika akaninong'oneza.

"Ajitoe yeye!"

Kumbe na mzee kaambiwa hivyo hivyo, naye kajibu hivyo hivyo.

Mwamuzi alikuwa Shija, mfugaji wa Kisukuma kutoka Usangu, aliyechaguliwa kwa kuwa hana undugu na mtu yeyote pale. Akaguna: "Hata sisi tunawaheshimu wakwe, lakini ninyi mmezidi." Akatundika blanketi kwenye kamba juu ya ubao, chini akaacha nafasi ya mikono. Wazee wakabishana kama mkono nao ni baba mkwe. Mwishowe wakaruhusu mikono.

Tukacheza. Jamani, mzee yule ni mjanja! Kete zetu zilikuwa vizibo vya soda, na vyangu alivila kama karanga. Na mimi nikavila vyake. Saa nzima watu wamesimama, hata wenye viazi hawauzi. Tukabaki na vitatu vitatu, zamu yangu, na nimeshaona: navila vyake vyote kwa mkupuo mmoja. Nikanyanyua mkono.

Upepo ukang'oa blanketi.

Nikapiga yowe, nikajitupa nyuma ya magunia. Mzee akajifunika koti kichwani, akakimbilia upande wa pili, akamparamia mbuzi wa watu.

"Nahesabu mpaka kumi!" Shija akafoka. "Asiyerudi kwenye ubao ameshindwa! Moja!"

Niiache cherehani? Thubutu! Nikajifunika kanga usoni, nikarudi kinyumenyume. Kumbe na mzee anarudi kinyumenyume. Meza tukaikosa wote wawili, tukagongana matako kwa matako mbele ya soko zima. Niliona aibu, sikufichi. Mzee akaruka benchi kukimbilia nyuma ya magunia, suruali ikachanika, chraaa! Mimi nikapapasa nyuma mpaka nikaugusa ubao, maana kila kizibo nilikikumbuka kilipo. Nikala kimoja, cha pili, cha tatu.

"Amekula vyote!" Shija akatangaza.

Soko likacheka mpaka watu wakakaa chini. Fanueli akaniletea cherehani, akaiweka pale pale mezani. Nikaishika kwa mikono miwili, nikingoja mzee aseme kutoka nyuma ya magunia kwamba haiingii nyumbani kwa mwanawe. Akisema hivyo, imekwisha. Nani atambishia?

Mara Mika akaja kutoka kule, kakunja suruali ya baba yake kwapani. Mzee hawezi kwenda Ilomba bila suruali, na cherehani sokoni ilikuwa hiyo moja.

Sauti ikatoka nyuma ya magunia, soko zima likaisikia: "Mika! Mwambie fundi afanye haraka, baridi inaniingia!"

Nikavuta kiti, nikakaa katikati ya soko, nikashona taratibu sana.