Spika za Wati Mia

Watu wanadhani spika huunguzwa na amplifaya kubwa. Wapi! Ndogo ndiyo mbaya. Ukiifunga kwenye spika kubwa halafu ukaikamua hadi mwisho, inazidiwa, inaanza kukata sauti, na sauti hiyo iliyokatwakatwa ndiyo inayounguza twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Miaka thelathini na mbili ya ufundi nimewaimbia wateja wimbo huo. Wabishi niliwafukuza na spika zao.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Ndani ya wiki sita, twita mbili ziliniungulia nyumbani, kwenye spika zangu mwenyewe za wati mia, juu ya amplifaya ya wati thelathini. Chumba changu ni hatua nne kwa tano. Hapo hata wati tano zinatosha na kubaki. Nami nilikuwa nasikiliza kistaarabu, sauti ya kumtosha mtu mmoja, maana ndivyo nilivyo, mtu mmoja. Mke wangu alinitangulia miaka sita iliyopita. Binti yangu wa pekee tuligombana. Alitaka nifunge karakana nihamie kwake, nikamwambia akalee watoto wake, mimi si mtoto.

Tangu siku hiyo sikumtia machoni. Zamani alikuja kila Jumapili alasiri. Simu sikumpigia, mimi ndiye baba, nikasema, ataanza yeye. Ukaidi huo aliurithi kwangu, basi tukanuniana. Jumapili moja nilipika chakula cha watu wawili, nikala chote kwa hasira, kisha nikalala na tumbo linauma. Nilimkumbuka mno, jamani, sina haja ya kuficha. Siku hizo nyumba ilinielemea, hivyo nikawa nawasha muziki mapema.

Jumapili iliyopita nikanusa tena waya ulioungua. Twita ya tatu hiyo. Nikazima amplifaya, nikaing'oa twita, nikaapa kuwa leo muuza spea atanitambua, yeye na mali zake feki. Nikafungua mlango nitoke.

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, amenipa mgongo, anajifuta macho.

Nilimkaribisha ndani kwa sauti ya ukali, kwa sababu sikujua niweke wapi furaha yangu. Akaniuliza kwa nini leo nimefungua. Sikumwelewa. Nikamwonyesha twita iliyoungua, nikaanza kumlaani muuza spea. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye amplifaya, akaitazama swichi ya sauti. Ilikuwa imefika mwisho kabisa. Mimi nilizoea kuipandisha huku nimefumba macho, mpaka masikio yaridhike, na sikuwahi kuangalia imefika wapi.

Akairudisha hadi robo, akawasha. Spika ya pili ilikuwa nzima. Nikaona mshale wa kipimo cha amplifaya unacheza, nikaona karatasi ya spika inatikisika. Kilichonifikia kilikuwa mnong'ono, kama redio ya jirani wa nyumba ya tatu.

"Ongeza," nikamwambia.

"Baba, hapa mimi nasikia kila neno."

Akazima. Akakaa kitandani, akasema polepole, huku amenikazia macho ili nimwelewe.

"Nimekuja kila Jumapili. Zote sita. Nagonga mlango, nasikia muziki, najua umo. Nikizidi kugonga, unaongeza sauti. Nikajua hunitaki tena."

Nikakaa karibu naye. Wiki sita nimemlaumu mtoto ambaye alikuwa nyuma ya mlango wangu. Nikamwambia kwamba sisikii. Neno hilo sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote, wala kwa nafsi yangu.

Akanikumbatia, akaficha uso begani kwangu, akawa anasema kitu, tena kirefu. Sikupata hata neno moja.