Ujane wa Kwenye Fomu

Karani wa dirisha la bima aliitazama kadi, akaitazama kompyuta, kisha akanitazama mimi kwa huruma.

"Pole na msiba, bibi."

"Msiba wa nani, mjukuu wangu?"

"Wa mzee. Hapa inaonyesha amefariki tangu mwezi wa tatu."

Mzee wangu alikuwa ubavuni mwangu kwenye kiti cha magurudumu, mdomo wazi, akihema kama mtu anayepanda mlima. Miaka arobaini amepasua mbao, na vumbi lote lile limejikalia kifuani mwake. Daktari alikuwa amesema alazwe leo hii, awekewe oksijeni. Kupona tusahau, alisema, ila angalau atapumua bila kuteseka. Ndicho tulichokuja kuomba. Kupumua tu.

"Nimekufa?" akauliza mzee. "Mbona hamkunialika?"

Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja mnene nyuma yetu akasema, "Basi marehemu asogee kidogo, na sisi tulio hai tuhudumiwe."

Hata mimi nilicheka. Nilidhani ni mashine tu zimekosea. Nikampigia mwanetu. Huyo ndiye tuliyebarikiwa naye peke yake, karani wa stoo katika kiwanda cha magodoro, na bima yetu inakatwa kwenye mshahara wake.

"Mwanangu, kompyuta za hospitali zimemuua baba yako. Hebu ongea na huyu binti."

Nikasikia mashine za kiwandani zikinguruma huko aliko.

"Mama, uko dirishani? Toka hapo kwanza."

"Nitoke niende wapi? Baba yako hana pumzi."

"Nisikilize, mama. Walipandisha makato ya wazee. Wawili siwawezi. Nikataka kumtoa mmoja, na fomu yao ina sababu tatu tu za kumtoa mtu: amepata kazi, ameolewa, amefariki. Ningeandika baba kaolewa?"

"Kwa hiyo ukamuua."

"Kwenye karatasi tu! Wakijua nimedanganya, kazi sina. Lipeni wenyewe leo, nitahangaika nirudishe."

"Tulipe na nini, mwanangu? Na maranda ya mbao?"

"Basi usinifokee mimi peke yangu. Muulize baba. Tulikaa naye."

Nikashusha simu. Mzee alikuwa anatazama mapaja yake.

"Ulijua?"

"Alikuja siku uliyokwenda kliniki ya presha," akasema, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Akasema abaki mmoja. Nikamwambia, 'Abaki mama yako, dawa zake ni za kila mwezi.' Mimi nimeshaisha."

"Na mimi hamkuniambia."

"Ungekataa."

"Sasa si ndiyo maana nilipaswa kuulizwa!"

Miezi sita nimemwogesha, nimemgeuza kitandani, nimempepea. Kila Jumapili mwanetu anakuja, wanazungumza mpira mbele yangu, nami nawakoroga uji wao. Kumbe wamekaa wawili, watu niliowapikia maisha yangu yote, wakaniandikia ujane nisijue. Uongo ule ofisini uliniuma, sikatai. Lakini mume wa miaka arobaini na mitatu, anijue nilivyo, kisha adhani nitameza vidonge vyangu kwa raha huku yeye akikabwa chumba hicho hicho?

Karani alikuwa amesikia yote. Akasogeza uso karibu na kioo, akashusha sauti.

"Bibi, naweza kumwandika kama ndugu yako tu, mlipe wenyewe, na hakuna atakayefuatilia. Au niandike kwamba yu hai, bima ifunguliwe. Lakini hiyo taarifa inafika kazini kwa mwanao leo leo. Niambie, huyu ni nani wako?"

Mzee akanikamata mkono. Kikombe hawezi kukishika siku hizi, lakini mkono wangu aliukamata.

"Sema ndugu," akaninong'oneza. "Mtoto ana watoto."

Nami nina mume, nikawaza. Nilijua la kusema, na sikulipenda.

"Ni mume wangu. Yu hai. Andika."

Wakamlaza, wakamfunga kinyago cha oksijeni. Jioni ile kucha zake zilianza kurudiwa na rangi. Mwanetu hakupiga simu. Siku ya pili mkwe wangu akaja, akaniambia mumewe amesimamishwa kazi, akaweka chupa ya chai sakafuni, akaondoka bila kuniaga. Na mzee akaugeukia ukuta. Siku tatu nilimfuta uso, nikamlisha kwa kijiko, naye hakunipa hata neno.

Siku ya nne akakivuta kinyago pembeni.

"Umemwangusha mtoto."

"Nyinyi mliniangusha kwanza," nikasema, nikakirudisha kinyago mahali pake.