Chumvi Ndani ya Injini ya Kaka

Sijawahi kumsamehe dereva anayetia maji ya ziwa kwenye rejeta. Hapa Singida mjini maziwa tunayo mawili, Kindai na Singidani, na yote yana chumvi. Mgeni gari likimchemkia pale barabarani, anaona maji yanameta, anamshukuru Mungu, anachota. Miezi michache baadaye ananiletea gari gereji kwangu Mandewa, nami namtukana kwanza ndipo namkaribisha. Wateja wamenizoea. Wanasema mdomo wa fundi Calist una kutu kuliko spea zake.

Kwa hiyo lile pikapu lilipofika likiburutwa kwa kamba, nikafungua rejeta nikakuta ukoko mweupe, nikauonja kwa ncha ya ulimi na kutema, nilianza kutukana kabla sijauliza lolote. Nilimtukana aliyefanya vile, nikamtukana na aliyempa leseni. Gari lilikuwa la kaka yangu Melkizedeki, na nilijua si yeye. Nilidhani ameliazimisha.

Kaka Melki ana miaka sabini, ananizidi kumi na miwili. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea, na yeye ndiye aliyenifundisha kushika spana. Kwa miaka thelathini amepakia alizeti za watu kutoka Ulemo kuzileta mjini kwenye mashine za kukamua, na akirudi anabeba wagonjwa waliotoka hospitali, bila nauli. Nyuma ya kiti chake hakukosi dumu la maji ya kisima cha nyumbani. "Ng'ombe ana akili, maji mabaya anayakataa," alikuwa akiniambia. "Gari halikatai. Wa kukataa ni wewe."

"Nani alikuwa na gari lako, kaka?" nilimuuliza.

"Mimi."

"Na haya maji umeyatoa wapi?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Pale Kindai. Kwani si maji?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania, maana mimi na yeye hatukai dakika tano bila kutaniana. Yeye hakucheka. Alipangusa mikono kwenye suruali, akasubiri niendelee na kazi.

Nilitumia siku mbili kuishusha injini na kuifungua. Silinda hedi ilikuwa imepasuka, pistoni mbili zimeganda, na njia za maji ndani ya bloku, ule mwili wa injini, zimejaa chumvi iliyokauka, tabaka juu ya tabaka. Tabaka zile ndizo zilizonitisha. Ile haikuwa safari moja. Mtu alikuwa ametia maji ya ziwa karibu mwaka mzima.

Hata hivyo bloku lenyewe lilikuwa zima. Nililiosha, nikaligonga kwa nyundo taratibu huku nikisikiliza, nikalimulika kwa tochi kila kona. Halikuwa na ufa. Fundi wa kuchonga angetanua matundu ya pistoni, tungeyavisha silivu mpya, zile bomba za chuma za ndani, ningetafuta hedi nyingine, na injini ingelia tena vilevile ilivyolia siku zote. Njia ya pili ilikuwa kuagiza injini ya mtumba kutoka Dar, kuipachika, na ile ya zamani kuiuza chuma chakavu. Wengi huchagua hiyo ya pili kwa sababu haichukui muda. Kaka hakutaka hata kuisikia.

"Ifufue," alisema. "Ukinibadilishia injini umenipa gari la mtu mwingine. Hayo mengine ni mabati tu."

Yeye na mkewe, shemeji Redempta, walikuwa wamefikia kwangu wakati wakisubiri gari. Jioni ile shemeji alinifuata uani nikinawa mafuta. Aliangalia kwanza kama mlango umefungwa.

"Shemeji, usiitengeneze."

"Nisitengeneze nini?"

"Hiyo injini. Mwambie imekufa."

Ndipo aliponieleza. Alikuwa ameficha tangu mwaka jana. Kaka akija mjini na mzigo, akishaushusha, njia ya kurudi Ulemo inampotea, njia ile ile aliyoipita miaka thelathini. Anazunguka weee, mwishowe anaishia ziwani, kwa sababu ziwa linaonekana kutoka mbali. Anakaa pale mpaka mtu anayemfahamu ampigie shemeji simu. Na akiwa pale, kwa mazoea ya dereva, anafungua boneti na kuongeza maji. Mwezi uliopita aliacha lami akaingia na gari katikati ya uwanja wa shule moja huko njiani, watoto wakiwa mapumziko. Walikimbia huku na huku. Mmoja alivunjika mkono akiruka mtaro.

"Mbona hukuniambia?" nilifoka. "Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo hulijui?"

"Ningekuambia nini? Kwamba Melkizedeki amesahau njia ya kwake? Ungenikubalia?"

Nisingekubali. Ningemtukana na yeye. Nikamuuliza kwa nini hakumnyang'anya ufunguo.

"Nilimnyang'anya. Akalia. Mtoto wetu tulipomzika hakulia, shemeji, lakini siku ile alilia mbele ya wajukuu. Nikamrudishia." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Neno la fundi atalikubali. Langu hataki."

Asubuhi kaka alitangulia gereji. Nilimkuta amesimama juu ya bloku, mkono ameuingiza kwenye tundu la kwanza. Vidole vyake vilizunguka taratibu, vikaenda la pili, vikaenda la tatu, vikasimama hapo.

"Hili limelika kidogo, upande wa kushoto," alisema.

Ilikuwa kweli. Jana yake nilikuwa nimelipima kwa kifaa, nikapata hivyo hivyo. Njia zilikuwa zimemtoka, majina ya watu yalikuwa yanamtoka, lakini injini hii bado aliijua kama anavyojua meno yake. Niliumia kuliko nilivyoumia niliposikia habari za uwanja wa shule.

"Linachongeka," alisema.

"Halichongeki, kaka. Lina ufa."

"Uko wapi?"

Nikamwonyesha mahali pasipo na kitu. Akapapasa pale, akarudia, akarudia tena. Mimi nilikuwa nakagua spana zangu chini kama vile nimezihesabu zikapungua.

"Siuoni," alisema.

"Upo."

Kisha akautoa mkono wake. "Basi macho yangu yamezeeka. Fundi ni wewe. Weka hiyo nyingine."

Pale ningeweza kusema ukweli. Ningeweza kumwambia: kaka, bloku ni zima, lakini wewe hutaendesha tena, tukae tulizungumze kama ndugu. Mdomo wangu huu unaowatukana watu wazima mchana kweupe ulishindwa. Nilijiambia heri nusu shari kuliko shari kamili. Gari lenye injini ngeni kaka asingelidai, kwa hiyo nilipanga kwamba injini ikiingia, tumpe dereva kijana, Edward, aendelee kubeba alizeti ili nyumbani wapate riziki. Ulikuwa mpango mzuri. Mpaka leo sioni kasoro yake, na mpaka leo unanichoma.

Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja na mkokoteni. Bloku lilikuwa zito, wawili wakashindwa kulinyanyua. Kaka aliinuka alipokuwa ameketi, akashika upande wa tatu, akawasaidia kulipakia. Alilifuata kwa macho mpaka mkokoteni ulipokata kona.

Tangu siku ile hakuja tena gereji mwenyewe. Injini kutoka Dar ilichukua wiki tatu, na wiki hizo tatu zilimla kuliko mwaka mzima uliopita. Zamani kila asubuhi aliamka akiuliza injini imefikia wapi. Sasa hakuuliza kitu. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, chai ikipoa mkononi. Siku moja alimwita mke wangu kwa jina la mama yetu, ambaye tulimzika zamani sana. Nilianza kujuta, lakini majuto ni mjukuu, na bloku lilikuwa limeshakwenda kuyeyushwa.

Siku nilipomaliza kuipachika, niliiwasha. Ilikuwa injini nzuri, laini, haina kelele. Shemeji alimleta kaka akimshika mkono. Alisimama, akainamisha kichwa kusikiliza kama alivyokuwa akifanya miaka yote, nami nikasubiri aseme neno, hata la kunitukana. Uso wake haukubadilika. Alilizunguka gari taratibu kama mtu anayepita karibu na mali isiyo yake. Kisha akafungua mlango wa kushoto, upande wa abiria, akaketi, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, fundi," akaniambia.

Niligeuka kutazama nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Kwetu shikamoo inapanda, haishuki. Mkubwa hamwamkii mdogo wake hata kwa mzaha, na sisi kwa utani wetu wote hatujawahi kuugusa huo. Shemeji alielekea ukutani, mabega yakimtikisika.

"Huyu mwenye gari anakuja saa ngapi?" kaka aliuliza kwa adabu. "Nataka kumwomba lifti mpaka Ulemo. Baba amefariki, na kuna mdogo wangu nimemwacha nyumbani peke yake. Bado ni mtoto."

Nilishusha boneti, nikaifunga.

"Marahaba," nikamjibu, maana nisingejibu angeogopa. Nikaingia upande wa usukani, nikafunga mlango. "Mdogo wako nimemwona. Hajambo."

"Amekula?"

"Amekula," nikasema, nikaliondoa gari.